Mama Amebaki Mpakani

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Kitindamimba,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua ulivyo mbali shikamoo yako itachelewa. Hujambo? Kifua kimepona ile baridi ya huko? Shemeji na binti yako wanaendeleaje? Sisi ni wazima, ila mguu wa mume wangu bado unamsumbua akipanda ngazi. Na mimi, nikuambie ukweli, naumwa kitu ambacho hakina dawa hospitalini. Nina wivu.

Nilikwenda mpakani kumchukua mama. Unakumbuka alivyotuaga: anakwenda kumwona kaka yako mara moja, kisha anarudi. Mwezi ukaingia ukatoka, mwingine ukaingia. Huku nimempakia chumba rangi, nimemnunulia godoro jipya. Kimya.

Mji wenyewe ni barabara moja. Malori yamepanga foleni mpaka kwenye kizuizi, vibao vya maduka vimeandikwa kwa lugha mbili, na kinyozi ana kiti upande huu na wateja wa upande ule. Kaka yako ana kazi ya kutosha; fundi wa malori pale hakai bure. Nyuma ya karakana yake unaanza mlima, na huko ndiko viliko vijiji vya kwao wifi. Ni kabila dogo, hata mjini watu huwataja kwa sauti ya chini. Lakini mahekalu yao, mdogo wangu, ni mazuri. Madogo kama jiko la nje, nguzo za buluu, sakafu imesuguliwa mpaka unajiona uso.

Wifi alitupeleka. Mama yule yule ambaye kwangu hafiki uani bila kulalamikia magoti, alipanda ngazi za mawe akaniacha nyuma nahema. Mlangoni akavua viatu, akamsalimia mwanamke anayetunza hekalu kwa lugha yao, wakacheka wote. Nikauliza wamecheka nini.

"Ni utani tu, wifi," akasema mke wa kaka yako. "Ukitafsiriwa unakufa."

Nikacheka na mimi, meno nje, roho inafuka moshi.

Kisha wakakaa barazani, wifi akaanza kumsuka. Mama akamlalia mapajani, macho kafumba. Mimi, mtoto wake wa kwanza, nimekaa pembeni nimemshikia mkoba.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, kesho turudi. Chumba chako kiko tayari."

Hakufumbua hata jicho. "Kwako nakaa na redio, mwanangu, mpaka mtoke kazini. Hapa mlango haufungwi."

"Kwa hiyo umepata mtoto mwingine."

"Nimepata wa kuongea naye," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma.

Jioni, tukiosha vyombo, nikamwambia wifi waziwazi kwamba amenichukulia mama yangu. Alisugua sufuria ile ile kwa muda mrefu.

"Mimi wangu simkumbuki, wifi," akasema. "Nimelelewa nyumba hii na ile. Kama nimemng'ang'ania, nisamehe. Niazime tu."

Nilitaka kumchukia, hata hilo likanishinda. Nikamwambia nimemwazima, sijampa. Akasema amesikia.

Asubuhi mama alinisindikiza mpaka kwenye basi. Akanishika shavu, akaniambia nimekonda, nile. Nikarudi peke yangu, pembeni yangu kiti kitupu nilichokuwa nimemkatia yeye tiketi. Abiria mmoja akauliza kama anaweza kukikalia. Nikamwambia kina mtu.

Mdogo wangu, nadhani mama amefanya vema. Mkono umekubali kuliandika hilo, moyo bado. Kwa hiyo nina ombi moja: siku ukitaka kumpigia simu mama, nipigie mimi kwanza. Hata kama huna la kusema.

Mpe shemeji salamu zangu, na huyo binti yako mwenye maneno mengi mwambie mama mkubwa anamuulizia. Mume wangu anakusalimu, na jirani yetu mshonaji pia. Mungu akufunike huko ugenini, baridi isikupate wala upweke.

Ni mimi nikupendaye, na nisiyetaka kukugawana na mtu,

Dada yako mkubwa