Mwethya wa Kutembea

S.L.P. 118,
Mutomo, Kitui.
Jumanne, 18 Juni 2024.

Mpendwa ndugu yangu Musyimi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, au angalau ukiwa na nafuu kuliko siku ile tulipozungumza. Macho yameacha kuona ukungu? Ile kiu imepungua? Unakula wakati gani ukiwa kazini? Nijibu moja moja, usiniambie tu "niko sawa" kama ulivyozoea kwenye simu.

Sisi hatujambo. Mama yu mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua asubuhi kukiwa na baridi. Mvua ya mwaka huu ilikuwa nyingi hata baadhi ya ndengu zikaozea shambani, lakini kunde zimetosha na mbaazi zinachanua. Shamba lako ng'ambo ya mto ni salama. Nyumba unayoijenga iko palepale ulipoiachia, usawa wa madirisha, na hakuna tofali lililotoweka.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unakata kila nikikaribia neno lenyewe. Barua haikatwi. Farouk, mwana wa Fahima mwenye duka karibu na cherehani yangu, alikuja kula Idd na mama yake, na Jumamosi anarudi huko Doha. Amekubali kukuletea mkononi.

Neno lenyewe ni hili. Tarehe 2 Juni uliniambia kwamba ulianguka kazini, mbele ya zile skrini za kamera unazokaa ukizitazama, ukapelekwa hospitali na kukutwa na kisukari. Daktari akakupa vidonge na kukuagiza utembee nusu saa kila siku. Hapo ukacheka, ukasema, "Vidonge nitameza, lakini mimi si mtu wa mazoezi." Niliyaandika maneno hayo kwenye shajara tulipomaliza tu kuzungumza. Chini yake nikaandika: "Kama Baba."

Baba naye, kisukari kilipomshika, hakuwa mtu wa mazoezi. Alisema mtu aliyelima miaka arobaini haambiwi atembee bure. Kikaja kidonda cha kidole gumba, kisha mguu ukakatwa chini ya goti. Wewe ulikuwa kidato cha pili, na ni wewe uliyekuwa ukimbeba mgongoni kumtoa nje. Juzi nilifungua daftari la mwaka huo wa 2009. Tarehe 12 Agosti nimeandika: "Baba ameomba apelekwe langoni aone tu barabara." Sitaki kuandika sentensi kama hiyo tena, Musyimi. Tena wewe uko mbali, huko hakuna wa kukubeba.

Sasa nikuambie jambo nililokuficha. Mimi pia ninacho kisukari. Nilipimwa tarehe 15 Januari na kukutwa na sukari ya 14.2, maradufu ya inavyotakiwa. Sikukuambia, kama vile wewe ulivyoniomba nisimwambie Mama. Hii tabia ya kufichana tumeirithi, na nadhani imetutosha.

Muuguzi aliniambia nitembee. Nikamweleza kwamba mimi ni fundi wa nguo, miguu yangu inakanyaga cherehani tangu asubuhi. Akaandika kitu kwenye kadi bila kuniangalia, akasema, "Hayo ni mazoezi ya cherehani, mama. Yako bado."

Wewe wanijua. Shuleni siku ya michezo nilikuwa naumwa na tumbo kila mwaka. Lakini nilipanga kama ninavyopanga kazi zangu: nilichora mistari kwenye daftari, siku thelathini, kila siku na kisanduku chake cha kutia alama. Nilitia alama siku nne. Siku ya tano nikatia alama kabla ya kwenda, kisha nikakaa. Hapo nikajua daftari peke yake halinisaidii, kwa maana nilikuwa nimeanza kulidanganya.

Tatizo halikuwa uvivu peke yake. Umeishi mbali miaka mingi, labda umesahau kwamba huku mtu hatembei mikono mitupu. Ukipita na mtungi, unaenda majini. Ukiwa na jembe, unaenda shambani. Ukipita huna kitu, na unarudi huna kitu, watu wanaanza kuuliza nani amefariki. Fahima alifunga duka siku ya pili akanifuata hadi nyumbani kumuuliza Mama kama kuna msiba na hatukumwambia.

Na Ben wa bodaboda, kijana aliyejenga karibu na kisima, alinisimamishia pikipiki kila siku.

"Mama Ndinda, panda."

"Asante, naenda hapo tu."

"Hapo wapi? Hapo mbele hakuna kitu."

"Natembea tu, Ben."

"Kwani tumekosana?"

Siku ya tatu alinifuata polepole na pikipiki kama mita mia mbili, akisubiri nichoke. Niliona aibu. Kwa hiyo tarehe 7 Februari alipouliza tena, nikamwambia natafuta mbuzi.

Hilo ndilo kosa kubwa nililofanya mwaka huu. Ben aliuliza mbuzi wa rangi gani. Sijui kwa nini nilijibu haraka hivyo: mweusi, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Akatoa simu. Kabla sijafika nyumbani, vijana wote wa bodaboda pale stejini walikuwa wanamtafuta mbuzi wangu. Jioni yake watu wawili walikuja kuniambia wameona kinyesi kibichi karibu na bwawa. Mama akaniuliza tangu lini nina mbuzi mweusi. Mimi nina mbuzi watatu, Musyimi, na wote ni wa kahawia.

Tarehe 9 Ben aliingia uani kwangu na mbuzi mweusi amefungwa nyuma ya pikipiki. Doa jeupe lipo. Alikuwa amechoka na amefurahi. Nikamshukuru. Nikamfunga mbuzi wa watu kwenye mti wangu.

Kesho yake, mwenyewe akaja. Alikuwa Kalunde, mwenyekiti wa mwethya wetu, lile kundi la akina mama tunaochimbiana matuta kwa zamu. Unamkumbuka, sauti yake inafika kabla yake.

"Mama Ndinda, huyo mbuzi wako ana sikio la kushoto lililopasuka?"

"Sijaangalia."

"Mimi nimeangalia. Nilimpasua mwenyewe, kumtia alama."

Nikaona heri niseme yote. Nikamwambia habari ya kisukari, ya muuguzi, ya Ben, na kwamba hakuna mbuzi aliyepotea tangu mwanzo. Alinisikiliza amesimama, kamba mkononi.

"Kwa hiyo ulikuwa unatafuta mbuzi ambaye hayupo, ili upate kutembea."

"Ndiyo."

"Na sasa ni mimi niliyetembea siku mbili nikimtafuta aliyekuwepo."

Akaketi kwenye kigoda, akacheka mpaka akashika ubavu. Alipomaliza, akaniuliza kama nimewahi kuchimba tuta la shamba langu peke yangu. Nikasema hapana. Kwa nini? Kwa sababu litanishinda. Akasema, "Sasa hili lililo gumu kuliko tuta, nani alikuambia ulifanye peke yako?"

Ndivyo ilivyoanza. Siku ya mkutano Kalunde aliwaeleza wenzetu, na hakuficha habari ya mbuzi. Ikajulikana kwamba wengine watatu wana presha na mmoja anameza vidonge vya sukari kwa siri tangu mwaka juzi. Tulifuata utaratibu uleule wa matuta. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni kundi zima linatembea kwenda kwa mwenye zamu. Mwenye zamu hakai kwake kusubiri. Anatoka kuja kutulaki njiani, kisha tunafika naye. Kwake tunakunywa maji au uji usio na sukari, tunarudi. Siku nyingine tunatembea wawiliwawili, na jirani ndiye anayepita kumchukua jirani. Tuko wanawake wanane. Tulitoka mara ya kwanza tarehe 22 Februari.

Siku hizi Ben haniulizi kitu. Akituona anazima pikipiki na kutupisha, halafu anauliza, "Mama Ndinda, mbuzi amepatikana?" Namwambia bado.

Nataka unielewe vizuri hapa, maana najua unasubiri nikuambie kwamba sasa nimeyapenda mazoezi. Sijayapenda. Leo asubuhi nimeyachukia kama nilivyoyachukia Januari. Ikikaribia saa kumi na moja nakumbuka vifungo ambavyo sijashona, naona wingu ambalo halina mvua. Nilikuwa nadhani watu wanaotembea ni wale ambao wamepewa moyo wa kupenda, na mimi sikupewa. Ningeusubiri huo moyo, ningekuwa nimekaa mpaka sasa. Ninatoka kwa sababu kuna mtu amesimama langoni kwangu amevaa viatu.

Tarehe 16 Mei ilikuwa zamu yangu, nami nilishindwa. Asubuhi nilikuwa nimepima na kupata 11.9 baada ya miezi mitatu ya kuhangaika. Nilivunjika moyo. Sikwenda kuwalaki. Nilijifunga chumbani nikamwambia Mama aseme naumwa na kichwa.

Walifika wote saba. Nikasikia Mama akiwaeleza, nikangoja waondoke. Hawakuondoka. Waliketi uani, wakachukua ungo wa Mama, wakaanza kuchagua kunde zake wakizungumza habari za kwao. Nusu saa nzima. Mwishowe Kalunde akaja dirishani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema kwa sauti ya chini, akiniita kwa jina langu.

"Nduku, tumekuja kulima kwako. Tumefika na majembe, tumekuta shamba limejifungia ndani. Hatuwezi kulima kwa mwingine, leo ni kwako."

Nilitoka na kitambaa kichwani ili nionekane mgonjwa kweli. Hakuna aliyeniuliza lolote. Tulitembea hadi kanisani na kurudi. Siku hiyo nimeandika kwenye shajara mstari mmoja tu: "Nimekwenda."

Jumatatu ya wiki iliyopita, tarehe 10, nilipima tena. 8.3. Muuguzi amesema tusishangilie bado, na vidonge naendelea kumeza vilevile, kutembea hakukuvifuta. Lakini alinikagua miguu, kidole kwa kidole, akasema miguu yangu haina shida. Nilikaa pale kwenye benchi kwa muda nikiitazama. Nilikuwa nakumbuka ya Baba.

Najua utasema huko Doha kuna joto, na hakuna Kalunde. Nimemuuliza Farouk. Ameniambia katika jengo mnamolala kuna ukumbi mrefu wenye baridi, na ukienda na kurudi mara ishirini nusu saa imekwisha. Ameniambia pia kwamba yeye mwenyewe ananenepa. Nimemwomba apite mlangoni kwako kila siku mtokapo kazini, nawe upite kwake siku atakayochelewa. Amekubali mbele ya mama yake, kwa hiyo hawezi kugeuka. Hamtalazimika kupendezwa nayo. Mtalalamika pamoja.

Lakini kuna jambo lingine ambalo nimelifanya bila idhini yako, na unisamehe. Alhamisi iliyopita nililiomba kundi likuingize. Sikuwaambia habari ya kuanguka kwako, nilisema tu kwamba nina ndugu mbali mwenye kisukari ambaye ameambiwa atembee na hataki. Walijadiliana kama mwanamume anaweza kuwa mwanachama. Kalunde akasema kisukari hakikuuliza. Umeandikwa namba tisa.

Zamu yako ni Alhamisi, tarehe 4 Julai. Saa za huko na za huku ni zilezile, kwa hiyo huna kisingizio. Saa kumi na moja kamili jioni tutaondoka hapa sokoni, tutavuka mto, tutakwenda kwenye shamba lako, kwenye ile nyumba isiyo na paa. Huwezi kuja kutulaki njiani. Basi wakati sisi tunatembea, tembea huko kwenye huo ukumbi, nusu saa, na Farouk kando yako. Ukimaliza, nipigie simu nasi tutakuwa tumefika.

Wewe mwenyewe mwambie Mama habari ya ugonjwa wako kabla ya siku hiyo. Ataona tukivuka na atauliza, nami sitamdanganya. Nimemaliza mbuzi wangu wote weusi.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama bado unavaa ile sweta aliyokufumia. Ndinda wangu anakusalimu kutoka Emali, anaendelea vizuri na kazi yake ya duka la dawa. Fahima anakusalimu, amekufungia na viungo kidogo, Farouk atakupa. Ben anakusalimu ingawa hamjuani. Mungu wa baba yetu akulinde utokapo na uingiapo, akuhifadhie miguu yako yote miwili mpaka siku utakapoikanyagisha mwenyewe kwenye kizingiti cha nyumba yako.

Ile tarehe 4, kundi limekubaliana jambo moja. Hapo kwako hapana viti, ila kuna mawe ya msingi ya kutosha watu wote. Hakuna atakayeketi kabla simu yako haijalia. Kalunde ana nyonga mbovu, na baada ya kuvuka mto kusimama humuumiza. Usimkawize.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa moyo wote,
Nduku Ndululu.