Ndege za Keflavík na Ndugu Wawili

Reykjavík,
3 Desemba 1946

Baba mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, nikiomba maneno haya yakukute mzima, na goti lako la kushoto liwe limekuhurumia katika baridi hii. Mama hajambo? Kifua chake kimetulia? Na kondoo, mliwahi kuwaingiza wote zizini kabla theluji haijafunga njia ya mlimani? Mimi mwili wangu ni mzima. Nala, nalala, nahudhuria mihadhara ya sheria. Zaidi ya mwili siwezi kukuahidi kitu, na sababu utaiona ukiendelea kusoma.

Ulisikia redioni kwamba Bunge lilipitisha mkataba wa uwanja wa ndege wa Keflavík. Jamhuri yenye umri wa miaka miwili, ambayo haijamaliza hata kujifunza kupandisha bendera yake, imekubali ndege za kijeshi za Wamarekani zitue kwetu zikienda Ujerumani na kurudi, ati kwa kuwa rafiki yetu bado ana majeshi ya kulisha huko. Walikuja wakati wa vita, tukawapa ardhi. Waliahidi kuondoka vita vikiisha. Vita vimekwisha, nao wanachoondoa ni sare tu: wanaotengeneza injini watavaa makoti ya kiraia, nasi tutaambiwa kwamba tumebaki huru. Ni uhuru gani huo, Baba, unaopimwa kwa vifungo vya koti?

Nisamehe. Uliwahi kusema kwamba mimi nikiombwa chumvi mezani hujibu kwa hotuba, na kweli nimeanza tena. Leo sikukusudia kuhutubia.

Nakuandikia kuhusu Baba Mkubwa Ásmundur. Unajua, kwa kuwa ni kaka yako, kwamba yeye hakuwa msaliti, ingawa wenzangu chuoni walimwita hivyo, na mimi ninayekaa kwake na kula chakula chake tangu nianze masomo niliwasikia nikanyamaza. Alikuwa mmoja wa watu watano waliokaa kujadiliana na Wamarekani tangu kiangazi, na kila siku alikwenda kule kukwangua kidogo. Alidai forodha ya uwanja iwe yetu, akaipata. Alidai miaka ya mkataba ipunguzwe, na alikuwa karibu kuipata. Hakuamini kwamba tungeweza kukataa kabisa. Mimi niliamini. Hiyo ndiyo tofauti yote iliyokuwapo kati yetu, na niliifanya kubwa kuliko undugu.

Mwezi Agosti ulipokuja mjini kwa ajili ya miwani yako, alikutolea rasimu ya mkataba pale mezani, akakusomea ibara ya ndege, kwa sababu tangu utotoni hajawahi kuamua jambo zito bila kukusikia ukiguna. Mimi nilikuwa namimina kahawa. Nakumbuka alivyokuambia: "Ketill, hili likae kifuani mwako. Likitoka kabla hatujamaliza, watasema hatuaminiki, na hata kile kidogo nilichowabana wakiachie watakichukua tena." Nawe ukaguna, ukasema ibara yenyewe inanuka kama samaki wa juzi, lakini kifua chako kina mlango na ufunguo unao wewe.

Kisha ikaja ile simu yangu ya Septemba. Nilianza kwa kuuliza habari za kuswaga kondoo kutoka milimani, halafu nikaingia kwenye ibara, neno kwa neno. Ulijaribu kunikatiza. Ulisema, "Hallveig, mwanangu, hapa tuko wengi." Ulikuwa na haki ya kusema hivyo. Bonde letu lina waya mmoja wa simu na nyumba kumi na mbili, na mlio wa nyumba yetu, Grjótá, ukisikika, mikono kumi na moja huinua simu taratibu. Sote tunasikiliza, wala hakuna anayesikiliza. Mama akiwa safarini alipokuuliza kwenye simu mwaka ule ng'ombe mwekundu atazaa lini, Mzee Bárður wa Hólkot alijibu tarehe kabla yako, na kesho yake akaapa kanisani kwamba tarehe ile aliiota.

Yaliyofuata unayajua. Siku tatu baadaye wakulima walikutana kwenye ghala la ushirika, wakapeleka telegramu bungeni wakilaani ibara ile, na telegramu yenyewe ilikuwa na maneno ya rasimu bila kukosa hata mkato. Magazeti yakaichapa. Yule bwana mwenye mkoba aliyetumwa na serikali alipopanda bondeni kuchunguza, kila nyumba ilimpa kahawa na maandazi, na kila nyumba ikamwambia imesikia "mahali fulani". Hawakukulinda wewe wala mimi. Kusema "nilimsikia Hallveig" ni kukiri "nilikuwa nasikiliza", na jambo hilo halijakiriwa na mtu yeyote bondeni tangu nguzo za simu ziliposimikwa.

Kwa hiyo wakubwa walipomuuliza Baba Mkubwa alimsomea nani ibara ile, alitaja jina moja, la kwako. Alikupelekea telegramu akitumaini utakana. Wewe ukajibu kwa maneno matano, na karatasi hiyo niliiona kwa macho yangu: "Yalitoka nyumbani kwangu. Nisamehe, Kaka." Walimwondoa kazini siku ileile, kwa adabu, koti wakamshikia wenyewe. Mazungumzo yakamalizwa haraka na watu wengine, na miaka aliyokuwa karibu kuipunguza ikabaki kama ilivyoandikwa kwanza. Tangu siku hiyo jina lako halijatajwa katika nyumba hii.

Nami uliniandikia kwamba nisijilaumu. Ulisema nilipiga simu kwa uchungu wa nchi, nikasahau waya. Barua hiyo nimeibeba mfukoni miezi miwili, nami nimeshindwa kuisoma mara ya pili.

Juzi, tarehe mosi, tuliadhimisha siku yetu ya wanafunzi. Kolbeinn, mwenzangu wa darasa la sheria, ambaye ulimi wake unanyoa bila maji, alisimama akaomba tunywe kwa heshima ya "mkulima wa kaskazini aliyeiweka nchi mbele ya ndugu yake". Ukumbi mzima ulisimama, nami nikasimama nao. Nilipiga makofi, Baba. Alipoketi aliniinamia akacheka: "Dada, ungekuwa na nusu ya moyo wa mzee wako, mkataba huu tungeuchana." Hapo makofi yakanifia mikononi.

Sasa soma polepole. Sikusahau waya. Niliuchagua.

Nilikuwa na nakala ya ibara ile, niliyoiandika wakati Baba Mkubwa alipokusindikiza kwenye basi. Ningelipa gazeti, lingeulizwa limeipata wapi; mchapishaji angeitwa mahakamani. Bonde letu haliwezi kuitwa shahidi, na mimi ndiye mwanafunzi wa sheria niliyelifikiria hilo na kujisifu kwa akili. Nilikupigia saa ya kahawa, nikijua wote wako ndani. Unajua kwamba kila simu inayoinuliwa huinyonya sauti kidogo. Nilikuuliza habari za kondoo huku nikisikiliza sauti yako ikififia, mara ya kwanza, ya tano, ya tisa. Ilipobaki nyembamba kama uzi nilijua wamefika, ndipo nikasoma, mara mbili, kama mwalimu anayesomesha imla. Ulidhani napaza sauti kwa ubovu wa waya. Nilipaza ili Bárður, ambaye sikio lake moja limekufa, asikose neno. Sikuwa nazungumza na wewe. Wewe ulikuwa mlango tu.

Je, nilijua lawama itakuangukia wewe? Nilijua itamwangukia mtu, na nilijizuia kufikiri ni nani. Nimewahi kusimama juu ya makreti nikawashutumu watu wakubwa wanaoamua mambo mafichoni kwa migongo ya wengine. Hotuba ile sasa naistahili mimi.

Jana asubuhi nilimwambia Baba Mkubwa. Alikuwa anapiga viatu rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa na kiatu kimoja mkononi, kisha akauliza swali moja tu, kama ulijua kwamba nimekusudia. Nikasema hukujua. Akakiweka kiatu chini, akasema: "Miezi miwili nimemchukia mdogo wangu kwa kazi ya mikono yako." Nilimwambia nitafungasha vitu vyangu niondoke. Akatikisa kichwa. "Chumba chako ni chako. Lakini mezani kwangu, kuanzia leo, mimi na wewe tutazungumza hali ya hewa."

Tumeanza. Jana tulizungumza theluji. Leo mchana tulizungumza upepo wa kaskazini, na juu yetu ndege ikapita ikielekea Keflavík, kubwa, ya chini, hata vikombe vikatetemeka. Wote wawili tulitazama vikombe.

Baba Mkubwa anapanda meli ya pwani Alhamisi kuja kwako. Sikuambiwa na yeye, bali na mkewe. Nimemwomba abebe barua hii, naye amekubali bila kuniangalia. Kwa hiyo, Baba, ukiinua macho kutoka kwenye karatasi hii, yuko mbele yako, na huenda bado hajavua koti kwa kutojua kama atakaribishwa. Mvue koti. Msianze na habari zangu. Anzeni na kondoo.

Krismasi sitakuja mpaka mniite, nanyi msiniite kwa huruma. Nisalimie Mama, umsomee unachoona atakiweza. Wasalimie majirani wote kumi na mmoja, na usiwaambie ni kwa nini nawasalimu.

Ni mimi, mtoto uliyemtetea bila kujua unatetea nini,

Hallveig Ketilsdóttir