Wapiga Picha Wawili wa Jina Moja

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza kuuma. Mimi mzima, kazi tu ndiyo inayonikaba.

Unajua tunatunza ile hifadhi kubwa ya taarifa ambayo watu huitafuta kwenye simu. Mashine ikiona jina moja, mwaka mmoja wa kuzaliwa na kazi moja, inawafanya watu wawili kuwa mmoja. Sisi ndio tunaoachiwa kumtoa mmoja ndani ya mwenzake.

Leo nimeletewa jina la Mjomba. Kaa kwanza, Mama. Ukurasa ule uliosema amefariki, ule uliotufanya tuweke matanga, ndani yake kuna kitabu cha picha za vinyozi, zilizopigwa miaka miwili baada ya kifo hicho. Marehemu hapigi picha! Nadhani wapiga picha ni wawili. Aliyekufa alipiga picha za mito na milima kutoka kwenye ndege ndogo. Huyu wa vinyozi sijui habari zake. Nimekutumia picha za wote wawili. Mjomba angepiga zipi?

Kitindamimba wako

5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, ila sasa umenitonesha moyo.

Usinifufulie mtu. Nimelia nikamaliza. Ndugu yangu aliondoka hapa tumenuniana, hakuaga, na nimejifunza kuishi na hilo. Ukinifungulia mlango nikakuta hakuna mtu, utanizika na mimi. Achana nayo. Na ule vizuri.

Mama yako

19 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Najua umeninyamazia makusudi, umerithi kwa baba yako.

Nimezitazama zile picha mpaka simu ikaisha chaji. Za angani si zake. Mjomba wako anaogopa kwenda juu. Taa ya jikoni ikiungua, mimi ndiye niliyekuwa nikipanda juu ya kiti, yeye akikishika huku amefumba macho. Mtu huyo akaning'inie kwenye ndege? Labda wamfunge kamba kama mbuzi.

Najua watu hubadilika. Lakini nimeshaanza kutumaini, na sasa siwezi kuacha. Mtafute, basi. Ukipata la kuniumiza nipigie simu, usiliandike.

Mama yako

27 Machi

Mama,

Shikamoo. Naandika, kwa hiyo pumua.

Ukurasa sikuugusa mimi. Mjomba ni damu yangu, na jicho la ndugu huona linachokitaka. Nilimwachia mwenzangu wa meza ya pili, mama mmoja mkavu, hacheki hata akitekenywa. Nilimweleza habari za kiti na taa, akasema huo si ushahidi. Akachimba mpaka akapata tanzia ya yule wa ndege: alizikwa huku baba na mama yake wakiwa hai, wamesimama kando ya kaburi. Babu na Bibi walitangulia hata mimi sijazaliwa. Aliyekufa si Mjomba, Mama. Si yeye!

Sasa kurasa ni mbili, na ule wa vinyozi hauna tarehe ya kifo. Alipowatenganisha nililia palepale mezani, na yule mkavu akanipa leso yake. Kama wa vinyozi ndiye Mjomba, bado sina hakika. Nimewaandikia waliochapa kitabu chake, nikawaachia namba yako. Tafadhali, pokea hata namba usizozijua.

Kitindamimba wako

9 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo, sijambo kabisa.

Juzi simu ililia nikiwa nafua. Namba ngeni, nikadhani ni wale wauza bima. Sauti ikasema, "Dada, bado umeninunia?"

Nikakaa chini, kwenye maji ya sabuni. Nikamwambia, "Wewe nilishakuzika. Nani humnunia marehemu?"

Halafu tukacheka, tukalia, hata sijui tulianza na kipi. Alikuwa hajui kama amekufa! Miaka yote hii alidhani ni mimi nisiyetaka kumsikia. Jana nimelala usingizi wa mtoto mchanga. Huyo mwenzako mkavu mwambie namwombea dua, apende asipende.

Mjomba wako anafika Jumamosi. Kinachonisumbua ni majirani. Mtaa mzima ulikuja kunipa pole, wengine walilia kunishinda. Nimeamua nitamtembeza mlango kwa mlango, awarudishie pole zao mwenyewe.

Mama yako, ambaye bado ni dada wa mtu