Chujio la Barazani

Jumatatu, 5 Machi 1956

Nimejaza chujio la maji ya kunywa, nimeliacha barazani. Linadondosha taratibu kama kawaida. Mume wangu, dresa anayetibu wagonjwa kwenye zahanati ya hapa Chimala, kaenda Iringa kufuata dawa. Mto umechafuka kwa mvua. Huko bondeni watu wanahara damu.

Baba mkwe wangu amefika kutoka Tukuyu. Sisi Wanyakyusa, mke wa mtu haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Analala kwa jirani. Akija kunywa maji, najifungia ndani na mtoto.

Jumanne, 6 Machi

Kwaruza, kwaruza huko nje. Baba mkwe amechoka kungoja matone. Ameusugua mshumaa wa chujio, ule mche wa udongo wa ndani unaochuja maji, kwa mchanga, kama sufuria. Alitaka kusaidia, maskini.

Sasa maji yanachuruzika. Naogopa. Mume wangu alinieleza: ule udongo mweupe una vitundu visivyoonekana, vinapindapinda, na wadudu hunasa humo. Ndiyo maana maji huchelewa. Baba alipoondoka niliuangalia. Umeliwa upande mmoja, una ufa. Na alishakunywa.

Jumatano, 7 Machi

Nilimwaga yote, nikamwekea birika la maji ya kuchemsha. Kayakataa, yananuka moshi. Amejaza chujio tena, maji ya mto. Nikiliingiza ndani ataona namfukuza.

Nikamwambia mtoto kwa sauti, babu yake asikie: "Maji hayo mabaya, mwanangu." Alikohoa tu. Labda anadhani namnyima. Jirani yuko shamba hadi jioni, sina wa kumtuma.

Alhamisi, 8 Machi

Mke wa jirani anasema mzee ameshinda chooni. Damu. Hata hivyo alikuja, kiu imembana. Nikasikia anafungua bomba la chujio.

Nilifungua mlango. "Baba, usinywe! Yatakuua!"

Kikombe kilianguka. Aligeuza uso, akaondoka. Naogopa atakufa. Naogopa pia atapona, anilaani.

Ijumaa, 9 Machi

Hajaja. Nimempelekea uji na maji ya kuchemsha kwa mkono wa jirani. Vyombo vimerudi vitupu. Nimelia.

Jumapili, 18 Machi

Mume wangu alirudi na dawa, na mshumaa mpya, akautia kwenye chujio. Leo Baba ametembea mwenyewe hadi hapa. Amekonda sana. Nimejifungia ndani kama desturi. Yuko barazani, kikombe kimekaa chini ya bomba. Tone. Tone. Anangoja.