Fundi Amezifungua Picha za Siku ya Hina

Jana Ijumaa mchana fundi Thabiti, mwenye duka la kutengeneza kompyuta karibu na soko kuu hapa Mtwara, alinithibitishia kwamba picha zangu zote zimefunguka. Mpendwa mshauri, habari hiyo ndiyo niliyokuwa naiomba kwa Mungu, na tangu niipate sijaweza kumtazama mtu machoni, ndiyo maana nakuandikia.

Mimi ni mpiga picha wa shughuli za wanawake, kazi yangu ni siku za hina na sherehe za ndani, zile ambazo mwanamume hakanyagi, na watu wa Mikindani na Mtwara mjini wananiita kwa sababu moja tu, kwamba mimi ni mwanamke na picha zangu hazipiti mkononi mwa mwanamume mpaka zifike kwenye albamu inayofungiwa kabatini kwa bibi harusi. Mwezi uliopita Bi Latifa wa Shangani alinipa kazi ya hina ya binti yake Amina, na mlangoni aliweka beseni, kila mgeni akiingia anatumbukiza simu yake humo, hata dada zake mwenyewe, akawa anawaambia, "Simu humu. Kamera ni moja tu, ya Subira, na Subira ni mwenzetu." Wanawake wakavua mabaibui na mitandio, wakacheza, nami nikapiga.

Siku hiyo nilikuwa na kamera mpya niliyoiagiza Dar es Salaam, na nilikuwa nimesikia kwenye video za mafunzo kwamba mpiga picha wa kweli hapigi picha za kawaida, anapiga faili ghafi, ile picha ambayo kamera inaihifadhi kama ilivyoiona bila kuitengeneza, ili mwenyewe uje kurekebisha rangi na mwanga kwenye kompyuta, basi nikaiweka kamera hivyo bila kujaribu hata picha moja nyumbani. Nilipochomeka memori kadi, programu yangu ya kusafisha picha ikaniambia faili hizi haizitambui, nikapakua toleo jipya la programu likagoma kuingia, likasema mfumo wa kompyuta yangu ni wa zamani, nikajaribu kuweka mfumo mpya, kompyuta ikasema haina uwezo wa kuubeba, nikarudi nilikoanzia na bando limekwisha. Bi Latifa akipiga simu namwambia nazisafisha, mama, nazisafisha, huku sijaiona hata moja.

Hapa mjini yuko Beatrice, naye anapiga picha za wanawake na ana kompyuta mpya, lakini nilikuwa nimemtambia kamera yangu mbele za watu na sikutaka ajue kwamba imenishinda. Nikaenda kwa Thabiti. Sikumwambia ni picha za nini, nilisema azigeuze tu ziwe picha za kawaida, akasema niache kadi nije kesho yake, nikaiacha. Nilipokwenda jana nilizikuta zimejaa kwenye kioo cha kompyuta yake, na kioo chenyewe kinatazama benchi la wateja, akaniambia akicheka, "Zote zimefunguka, dada. Yule mama wa Shangani kumbe anakatika kuliko binti zake." Anamjua, maana Bi Latifa na mumewe hupeleka simu zao hapo hapo. Nilichukua kadi, na flashi aliyonihamishia picha zilizogeuzwa, nikatoka.

Alhamisi natakiwa kupeleka albamu. Nimewaza kuipeleka na kunyamaza, nimewaza pia kufuta zote na kusema kadi imeharibika, Amina akose picha lakini mimi nibaki na jina langu, na kuna familia ya Msimbati imeshaniweka kwa hina ya mwezi ujao kwa sifa alizonipa Bi Latifa huyo huyo. Naona aibu hata kuandika haya. Nifanye nini?

Subira, Mikindani

Subira,

Unaona aibu, na ni sawa uione. Sitakuondolea. Nitakuonyesha tu iko wapi, kwa sababu wewe unaitafuta kwenye kompyuta.

Tuanze na kompyuta hiyo, maana ndiyo rahisi. Baada ya wewe kunitajia aina ya kamera kwa simu, nilimuuliza Esta, mpiga picha wa gazeti hili. Anasema programu iliyotoka kabla ya kamera haiwezi kuyajua mafaili ghafi ya kamera hiyo. Si ubovu wa programu wala wa kadi. Anasema pia kwamba kamera yako ina sehemu kwenye menyu, upande wa kutazama picha, inayogeuza picha ghafi kuwa ya kawaida ndani ya kamera yenyewe. Inakwenda taratibu, lakini inafanya kazi. Hukuhitaji mfumo mpya, hukuhitaji fundi, hukuhitaji hata kuiwasha hiyo kompyuta. Kuanzia sasa iagize kamera ihifadhi aina zote mbili kwa pamoja, na kifaa kipya ukijaribu nyumbani mpaka uione picha imefunguka, ndipo ukipeleke kazini.

Sasa lako. Kabla ya Thabiti kulikuwa na Beatrice, mwanamke, mwenye kompyuta inayoweza. Ungemwendea, angekucheka siku mbili, na picha zisingetoka mikononi mwa wanawake. Uliona bora mwanamume awaone wenzako vichwa wazi kuliko Beatrice akuone wewe umekwama. Hapo ndipo palipo na aibu yako, dada, na hakuna toleo jipya la kuirekebisha.

Kufuta picha usithubutu. Amina hana kosa, na tena ungefuta zako tu. Za Thabiti zingebaki. Umechukua kadi na flashi ukadhani umechukua kila kitu, wakati alizigeuza kwenye kompyuta yake na humo zimo mpaka sasa. Rudi dukani na mtu mzima wa kwenu, shangazi au mama mdogo. Azifute mkiwa mmesimama pale, za ghafi na zilizogeuzwa, kisha amwage na pipa la taka la kompyuta. Muulize wazi kama amemtumia mtu yeyote, na nani walikuwa wamekaa kwenye benchi. Usimgombeze kwa kuziona. Ulimpa mwenyewe, tena ukamficha ni za nini. Mwambie tu utani ule usirudiwe mbele ya mtu mwingine, hasa mume wa Bi Latifa.

Ukitoka hapo nenda Shangani. Usianze na habari za mafaili wala mifumo, Bi Latifa hakukuajiri kwa hayo. Mwambie, "Picha za hina zimeonwa na mwanamume, na mimi ndiye niliyempelekea." Halafu nyamaza umsikilize. Mkabidhi kadi na flashi mkononi. Albamu itengenezwe au isitengenezwe, hilo wataamua yeye na Amina. Akitaka kuwaambia watu wa Msimbati, ana haki hiyo, na wewe usimwombe anyamaze. Huenda ukakosa kazi ile. Ukinyamaza utaipata, na kila mwanamke atakayevua mtandio mbele ya kamera yako atakuwa amedanganywa.

Jibu hili nimekutumia kwa simu leo Jumatatu. Gazeti linatoka Jumatano. Majina nimeyabadilisha, lakini waliokuwapo siku ile watajijua kwenye aya ya pili, na Bi Latifa hastahili kuipata habari hii gazetini. Kesho Jumanne asubuhi uwe dukani. Shangani ufike kabla ya swala ya alasiri.