Usukani Ulitikisika

3 Machi

Mama, shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila shingo imekaza.

Jana gazeti letu la pikipiki lilinipa pikipiki kubwa ya mashindano niijaribu. Mama, hukai: unalala juu ya tangi kama mtu anayechungulia kisimani. Ukienda polepole imetulia tu. Ukiikamua inapiga yowe na barabara inakuwa nyembamba. Breki, vidole viwili vinatosha. Kwenye kona inalala kabla hujaiambia. Lakini nilipopita kilomita mia mbili kwa saa, kwenye lami yenye viraka, usukani ulitikisika kulia na kushoto, ukakataa kutulia. Nilijua nimekwisha. Nitayaandika yote gazetini.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu, salamu tele. Goti limenyamaza, presha iko sawa. Hiyo shingo ikande na maji ya moto.

Barua yako nimeibandika hapa kazini, pembeni ya kioo. Hapimwi mtu kiuno kabla hajaisoma kwa sauti! Jirani muuza vitambaa, yule wa "mwanangu yuko benki, mwanangu yuko benki", kaisoma mpaka mwisho, kameza mate. Nikamwambia, wako anakaa kitini, wangu anakwenda mia mbili! Dereva mmoja aliyeleta suruali ipunguzwe kaipiga picha, kawatumia wenzake wapenda pikipiki. Umekuwa mashuhuri, na aliyekuzaa ni mimi.

Mama yako

15 Machi

Mama, shikamoo. Tafadhali ibandue leo hii! Mhariri amekata maneno yote ya usukani kwenye makala yangu, kwa sababu muuzaji wa pikipiki hizo ndiye mwenye tangazo la jalada la nyuma. Nimenyamaza. Kazi hii nimeitafuta miaka minne, unajua. Wakiiona hiyo barua, sina kazi.

Binti yako

24 Machi

Mwanangu, hujambo? Unakula lakini?

Niliibandua siku ileile niliyopata ujumbe wako, nikaificha kabatini. Kesho yake dereva akaja kuchukua suruali yake. Kumbe pikipiki hiyohiyo ndiyo aliyotaka kuinunua Ijumaa! Akaniuliza, "Mama, gazeti linasema haina tatizo. Barua ilisema inatikisika. Niamini ipi?"

Nikaenda kabatini, nikampa aisome tena. Hakununua. Kisha nikairudisha ukutani. Nikasirikie, una haki. Lakini miaka yote hii nimekusifu mbele za watu. Sasa nimwambie mtu kwamba mwanangu kaandika uongo?

Mama yako

2 Aprili

Mama, shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi jana nililala vizuri, mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa.

Mhariri aliniita ofisini. Muuzaji alikuwa amekaa palepale. Mhariri akanionyesha picha ya barua kwenye simu yake, akasema, "Wewe sema tu huu si mwandiko wako, yaishe."

Nikaomba kalamu. Nikayaandika upya yale maneno ya usukani, pale mezani, ili walinganishe wenyewe.

Nitafika nyumbani Jumamosi, na mizigo yote.

Binti yako