Vitoeni Vitu vya Bwawa Uvunguni mwa Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Shikamoo tena, maana ya kwanza ni yangu na ya pili ni ya huyo Karisa anayekusomea, najua leo hajakuamkia. U hali gani? Kifua kimeamkaje? Miguu bado inakufa ganzi ukiketi sana? Mimi huku Uarabuni ni mzima wa mwili, nafanya kazi, nakula, nalala. Ila leo nimepewa simu yangu, nimekuta habari za huko nyumbani Kakuyuni, na tangu hapo roho imenipaa.

Unajua huku simu tunapewa siku ya Ijumaa tu, jioni inarudi kwa bibi mwenye nyumba. Nilipokupigia asubuhi ulilia, Karisa akajitetea, mkasema nyote pamoja, na laini ikakatika. Ndiyo maana nimeketi kuandika barua. Barua haina wa kuikatiza.

Karisa ndugu yangu, wewe ndiye mwenye macho na simu hapo nyumbani, basi msomee Mama kila neno kama lilivyo. Usiruke pale ninapokusema. Hasa hapo usiruke. Na msome nje kwenye mkeka, si chumbani mwa Mama. Kama mko chumbani, tokeni sasa hivi.

Mmetoka? Haya.

Mama, nimeiona picha aliyonitumia Karisa. Umeketi kitandani, umejifunga leso ile ya maua mekundu niliyokuletea kabla ya kusafiri. Nikaikuza nione uso wako. Umekonda, Mama. Nikaitazama leso, maua hayapo, wekundu umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikateremsha kidole chini, na uvunguni gunia limesogea kidogo, nikaona ndoo ya buluu, mtungi mweupe wa plastiki, na mpira mrefu umeviringishwa. Vitu vile navijua, nimelala navyo.

Kisha nikasikiliza maneno ya Karisa. Ati Mama anabanwa na kifua kila akijilaza. Ati leso zake zinafifia zikiwa zimefungiwa ndani ya sanduku. Ati kufuli la sanduku limeota kutu mpaka ufunguo umekwama, na jembe lililokuwa nyuma ya mlango limeliwa. Ati kuna mtu ametia mkono. Na mtu mwenyewe ni Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa! Mke mwenzio uliyemkuta kwa marehemu Baba, aliyenipokea mikononi siku niliyozaliwa! Na ushahidi ni nini? Ati alikuja kukujulia hali, akaketi kitandani pako, akasema chumba hiki kina harufu kali, inachoma macho. Mkatazamana. Wewe harufu umeshaizoea, na pua ya Karisa ilikwisha siku nyingi kwa ile kazi yake. Mkasema, amejuaje kuna kitu humu kama si yeye aliyekitia? Lo, jamani! Mtu anakwambieni moshi unatoka, mnamkamata yeye kwa kuuona.

Sasa hakuna anayekula kwa mkono wake. Mboga ya mchunga aliyoituma imemwagiwa kuku. Jumapili wazee watakaa na mganga ataitwa. Na Karisa ameongeza, kwa sauti ya chini, kwamba vijana wa pale barabarani wanasema wazee wakichelewa wao hawatachelewa. Mama, maana ya maneno hayo unaijua. Unamkumbuka yule mzee wa upande wa pili wa barabara aliyekuwa akilima peke yake, wakamwita mchawi, wakamuua. Shamba lake mpaka leo limekuwa pori, na watoto wake wanaogopa hata kuja kuangua nazi. Naogopa, Mama.

Vitu vile vilifikaje kwako, Karisa alinisimulia siku nyingi, tena akijisifu, nami nilidhani vimesharudi kwa mwenyewe. Yule Mtaliano anayemwoshea bwawa la kuogelea kule Malindi alirudi kwao, akamwachia funguo. Wezi wakavunja stoo. Mwenyewe akapiga simu, akasema dawa za bwawa na vyombo vyake Karisa akae navyo kwake mpaka arudi. Akavibeba kwa boda boda, akataka kuviweka uani. Wewe ukakataa. Ukasema mtu amekuaminini na mali yake, nanyi mnaiacha nje na mbuzi, hamna haya?

Hapo nakujua, Mama. Tangu tukiwa wadogo uvungu wako ndio benki yetu. Hati ya shamba iko huko, mbegu za mahindi ziko huko, hata kuku wa kuatamia hutagia huko, na hakuna mtoto aliyethubutu kuingiza mkono. Basi ukavipanga kwa mikono yako, ukavifunika gunia, ukalala juu yake kulinda amana ya mtu. Kwa nia hiyo hakuna wa kukulaumu. Lakini kile unachokilinda ndicho kinachokuua.

Sasa nikupe habari zangu, ambazo sikuwahi kukwambia kwa kuwa sikutaka ukose usingizi. Nyumba ninayofanyia kazi ina bwawa. Vyombo vyake vilikuwa stoo, mpaka bibi alipoitaka stoo aweke makochi. Ndoo ya unga wa klorini, mtungi wa asidi, wavu wa kuokotea majani, brashi na mipira, vyote vikahamishiwa chumbani kwangu. Chumba chenyewe ni kidogo, dirisha lake la kuchungulia tu. Nikavipanga kando ya godoro kama ulivyonifunza kupanga, kikubwa nyuma, kidogo mbele, nikaona nimefanya vizuri.

Haukupita muda nikaanza kukohoa. Nikiamka macho mekundu. Sare yangu ya buluu ikatoka mabaka meupe bila kuguswa na dawa yoyote. Zipu ya begi ikashika kutu, pini zangu za nywele zikawa kahawia. Sikufichi, Mama, nilidhani nimetupiwa kitu. Nilisali, nikanyunyiza chumvi mlangoni. Nani angevuka bahari yote ile kuja kumroga mtumishi wa ndani, hilo sikujiuliza.

Mtu anayeosha bwawa lao, Mhindi mmoja mtu mzima, alikuja kuulizia brashi yake. Nikamfungulia mlango. Hakuingia. Alirudi nyuma, akaziba pua kwa shati, akanivuta hadi uani. Kwa Kiarabu chake kibovu na changu kibovu zaidi akanieleza. Ule unga unatoa hewa yake, na asidi nayo inatoa hewa yake, hata ukikaza kifuniko. Hewa hizo zikijaa chumba kisichopitisha upepo zinakula chuma, zinakula rangi ya nguo, zinakula kifua cha mtu. Na vyenyewe vikimwagikiana humo ndani, ukiwa umelala huamki.

Tulivitoa siku ile ile. Bibi alifoka mpaka majirani wakachungulia, akasema atanirudisha kwetu. Nikamwambia nirudishe, lakini chumbani kwangu havirudi. Hakunirudisha. Baada ya siku chache kifua kikafunguka, na tangu hapo sijakohoa.

Karisa, usinung'unike, nakusikia kutoka huku. Unasema wewe umeshika dawa hizo miaka na hujafa. Wewe unazishika uwanjani penye upepo wa bahari, kisha unaziacha unaenda zako. Mama analala juu yake. Na hebu tazama suruali yako ya kazi. Ilikuwa nyeusi, leo magoti yake ni meupe. Nani amekuroga magoti? Mama Mkubwa alikufuata mpaka Malindi mjini akakupuliza magotini? Simama umwonyeshe Mama. Geuka na nyuma.

Umeona, Mama? Ni dawa ile ile iliyokula leso yako.

Sasa Karisa, hapa utaacha kusoma, ufanye kazi kwanza. Fungua mlango na madirisha ya chumba. Vaa glavu zako, jifunge kitambaa puani. Na ile chupa ya mafuta ya taa, Mama bado anaiweka miguuni mwa kitanda? Mungu wangu. Hiyo itoke kabla ya vyote, maana unga ule ukikutana na mafuta unawaka wenyewe bila kiberiti. Kisha mtungi wa asidi, umekazwa kifuniko, umesimama wima, uubebe taratibu mpaka kwenye kile kibanda cha Baba cha kuuzia pombe ya mnazi. Kuta zake ni fito, hewa inapita, na mlango unafungika watoto wasiingie.

Ndoo ya unga usiipeleke huko. Hivyo viwili visikae pamoja tena. Ipeleke banda la mbuzi la zamani, uiinue juu ya matofali mahali pasipovuja, na mlango uukaze kwa waya. Jikoni usiingize hata kimoja, uchaga wa mahindi uko juu yake. Ukikuta unga umemwagika chini, usiumwagie maji wala usiurudishe ndani ya ndoo, uzoe mkavu na uuweke peke yake nje. Brashi, wavu na mipira havina neno, vitundike nje chini ya makuti, ila mipira imwage maji kwanza mbu wasizaane. Halafu umpigie Mtaliano wako umwambie stoo yake itiwe mlango mpya, Mama si askari wake.

Nenda. Mama, wewe kaa hapo hapo mkekani, usimsaidie.

Umerudi? Umenawa kwa sabuni? Haya, endelea.

Mama, usilale katika chumba kile mpaka kipigwe na upepo vizuri. Lala kwa Karisa, yeye na mkewe wajibane sebuleni. Na kesho uende zahanati wakusikilize kifua, uwaeleze ulikuwa umelalia nini. Usiseme ni vumbi la mahindi.

Sasa nakuja penye uzito. Najua wewe na Mama Mkubwa mna yenu. Kuna ile mikorosho mnayogombea, na kuna maneno aliyokwambia kwenye matanga ya Baba mbele ya watu. Nilikuwepo, niliyasikia, yaliniuma. Yachukie mpaka ufe, una haki. Lakini mtu hauawi kwa maneno ya matanga. Na nikuulize jambo ambalo Karisa atataka kuliruka, Karisa usiliruke: siku mliposema ni yeye, moyo wako haukufurahi kidogo? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe.

Jumapili wazee wakikaa, usingoje wamuulize yeye. Sema wewe mwanzo. Watolee leso, watolee kufuli, na Karisa asimame na suruali yake. Watabisha, najua. Watasema msichana kaenda Uarabuni kufua nguo za watu, kawa daktari. Na wale vijana hawatangoja hata kusikia. Maneno peke yake hayatamwokoa.

Nisalimie mjomba wangu anayepiga kengele ya kanisa, mwambie akae karibu nanyi siku hiyo, sauti yake inasikika. Nisalimie shangazi wa Ngomeni akija na samaki wake, mwambie ng'onda wake naota harufu yake. Wifi yangu, mke wa Karisa, mpe pole kwa kunyang'anywa kitanda, na watoto wake uwabusu mmoja mmoja. Nisalimie na jirani fundi cherehani, leso yako nyingine nitaituma Mombasa, naye atakuletea akienda huko kuchukua mzigo.

Mama Mkubwa sikumtaja hapo kwa makusudi. Salamu zake hazipiti kwa mtu, zipeleke wewe, tena leo, jua likiwa bado juu watu waone unapoelekea. Karisa ameniambia hafungui mlango. Bisha umwite jina lake la ujana, atafungua. Mwambie alisema kweli kuhusu ile harufu. Ukishindwa kusema lingine, sema hilo tu.

Kisha mwombe Jumapili akupikie. Sima na mchunga, ule ule mliowamwagia kuku. Akoroge yeye, apakue yeye, akuletee wewe mahali wazee walipokaa na vijana wamesimama. Uipokee sahani kwa mikono miwili, unawe, ule. Karisa naye ale. Kuleni taratibu, msiache tonge. Atakayetaka bado kumshtaki mtu ambaye umekula chakula chake mbele ya wote, tuone atasema nini.

Simu hii nairudisha jioni, sitaiona tena mpaka Ijumaa ijayo. Jumapili nitakuwa napiga pasi shati za watu, sijui kinachotendeka. Jumatatu sitajua. Siku zote hizo nitakuwa nasikiliza mlio wa simu iliyofungiwa kabatini mwa mtu. Basi Karisa, usinitumie maneno, maneno yako nayajua. Nitakapoiwasha simu, nataka nikute picha moja. Mama Mkubwa na Mama kwenye mkeka mmoja, na katikati yao sahani tupu.

Ni mimi mwanao, na mwanawe yeye pia,

Dama